Milima Isiyoenea Jichoni

Mume wangu alianza kunipita kama nguzo. Nilikuwa nimesimama sebuleni na kikombe chake cha chai mkononi, yeye akatoka chumbani, akanigonga bega, akasema samahani, akaenda zake kukaa. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniomba radhi kwa mambo makubwa, leo ananiomba kwa kunigonga bega. Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda jikoni nikalia, maana ile samahani aliisema kwa adabu tunayowapa watu tusiowajua.

Daktari wa macho alikuwa ameshatueleza. Ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Katikati anaona vizuri kabisa, hata sindano iliyoanguka sakafuni ataiona akibahatika kulenga pale pale, ila pembeni kote kumezibwa. Anaichungulia dunia kupitia tundu la ufunguo. Dawa ya matone inachelewesha tu. Nilipouliza tundu lenyewe litaziba lini, daktari alisema huenda likachelewa, huenda lisichelewe, akainamisha kichwa akaanza kupanga kalamu zake mezani.

Hakuna aliyenionya kuhusu upweke. Nikimwekea chakula, aliona sahani, hakuona mkono ulioiweka. Tukizungumza alinitafuta uso kidogo, akapata pua, akapata sikio, kisha akachoka na kuyaelekeza maneno yake mezani. Watoto wana miji yao na maisha yao. Tulibaki wawili kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na kati ya hao wawili mmoja alikuwa haonekani.

Kila jioni alikwenda kusimama kwenye uzio. Ng'ambo ya uzio kuna barabara, ng'ambo ya barabara kuna shamba, na nyuma ya shamba imelala safu ya milima. Yeye alikuwa dereva wa greda, na njia inayopanda ile safu waliichonga yeye na wenzake ujanani. Kila kilele walikibatiza wenyewe: Kipara, Mapacha, Nundu, na mwisho kabisa kulia Mama Mkwe, kwa sababu siku zote amekunja uso. Alianza kwa Kipara, akageuza kichwa polepole, lakini akifika kwa Mama Mkwe huku kwingine kote kulikuwa kumeshafutika. Akarudi kuanza upya, na tena, kama mtu anayejaza maji kwenye pakacha.

"Nataka kuiona yote kwa mpigo," aliniambia jioni moja, bila kugeuka. "Mara moja tu, kabla hapajaziba."

Mimi si mtu wa kukaa na kuguguna kucha. Kesho yake nilikwenda kwa shemeji, mdogo wake, mwenye studio karibu na soko, picha za vitambulisho na za harusi. Nikamwambia nataka picha ya safu nzima, kubwa, ijae ukuta. Akasema lenzi yake haina kinywa kipana kiasi hicho, safu kama ile hupigwa vipande vipande na kompyuta ikaviunganisha. Angeweza kuja kuipiga mwenyewe, lakini alinitazama kidogo, akanikabidhi kamera ya zamani na stendi ya miguu mitatu. Nadhani aliona kwamba nahitaji kitu cha kufanya, na hakukosea.

Masharti aliyonipa yalikuwa machache. Kila picha iume kidogo ya jirani yake, kama theluthi hivi, maana picha zisizoshikana mikono kompyuta haijui kama ni ndugu. Mwanga niupange mara moja, nisiuguse tena. Na miguu isihame: kinachogeuka ni kamera, si mimi.

Mwanzo mgumu. Mara ya kwanza niliona stendi inanichelewesha, nikashika kamera mkononi na kuiacha ijipangie mwanga yenyewe. Kompyuta ilipounganisha, anga lilikuwa viraka vitupu, Kipara mweupe kama amepakwa unga, Mapacha kama mvua iko mlangoni. Halafu katikati pengo jeusi, na nyuma ya pengo hakuna mtu, kwa sababu niligeuka kwa pupa na kuruka kipande kizima. Shemeji alicheka mpaka akafuta machozi, akaniuliza Mama Mkwe nimempeleka wapi. Nikamjibu nimemrudisha kwao, alizidi maneno.

Mara ya pili nilifuata masharti mpaka katikati, ndipo nguzo ya umeme ikanikera. Nikahamisha stendi hatua chache kuikwepa, nikijua hakuna atakayeniona. Milima iliungana vizuri, lakini uzio wetu ulikatika, mti mmoja ukatokea mara mbili na mwingine ukaning'inia bila mguu. Shemeji akanieleza kwamba vitu vya mbali havijali ukisogea, vya karibu ndivyo vinavyoumia. Alikuwa anasema habari ya uzio, mimi nikarudi nayo nyumbani kama ujumbe.

Mara ya tatu nilitoka asubuhi, hakuna upepo, mawingu yametulia. Niliikubali nguzo ya umeme ikae kwenye picha kama mwanafamilia. Nikapiga, nikageuza kamera kidogo, nikapiga, nikageuza tena, na nikiwa usawa wa Nundu nikagundua kwamba nageuka vilevile anavyogeuka mume wangu pale kwenye uzio, polepole, na hofu ya kusahau nilikotoka. Nilitazama nyuma. Alikuwa amekaa barazani, uso umeelekea upande wangu. Nilimpungia mkono, hakujibu. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa asubuhi ile, na mtu wangu alikuwa pale pale nyuma yangu.

Ikatoka. Hata shemeji hakupata la kucheka. Aliichapa kwenye turubai la matangazo, refu kuliko kochi letu, akaja kunisaidia kulitundika. Mimi ni dobi kwa kazi, kwa hiyo sikubali kunjo. Nililivuta na kulipiga pasi kwa viganja mpaka likalala ukutani kama limezaliwa pale. Shemeji alipoondoka nikamshika mume wangu mkono, nikamsimamisha mbele yake.

Alianza kwa Kipara. Akateleza taratibu kuelekea kulia huku vidole vikigusa turubai, akafika kwa Mama Mkwe, akasimama. Akarudi mwanzo. Akaanza tena. Nikajaribu kumrudisha nyuma mpaka ukuta wa pili, lakini sebule yetu si uwanja wa mpira. Mwishowe akatafuta kochi kwa mkono, akakaa.

"Ni nzuri, Mama," alisema. "Lakini ni kulekule. Umeniletea uzio ndani."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia nimechomwa na jua kwa ajili yake, nimechekwa na mdogo wake, na kweli asante ya punda ni mateke. Akanijibu kwa upole kwamba hanitukani, anasema anachoona. Upole wake ulinichoma zaidi. Nilitoka nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa pale ninapofulia, na pale nikajisemea ukweli: sikuwa nalilia milima. Nilidhani akiweza kuiona safu yote, siku moja ataniona na mimi. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu mwanzo.

Siku ya pili tulikuwa mezani, kila mtu na sahani yake. Shemeji alikuwa amenitumia picha ile kwenye simu, na kuiona tu kulinitia uchungu, nikaishika simu niifute. Ilikuwa imejikunja ikawa ukanda mwembamba unaokatiza kioo, hauzidi kidole. Nikainua mkono kutafuta pa kubonyeza.

Mume wangu aliacha kutafuna. "Usisogeze," alisema. "Shika hapo hapo."

Nilishika. Kichwa chake hakikugeuka hata kidogo.

"Kipara," akasema. "Mapacha. Nundu, na ile kona iliyotaka kutumeza na greda yetu. Mama Mkwe." Akasukuma sahani kando. "Yote ipo. Yote imeenea."

Machozi yalimtoka bila sauti. Na mimi, mwenye turubai langu refu kuliko kochi, nilijiona mjinga. Nilidhani mtu anayeona kidogo huongezewa. Kumbe ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Kwenye tundu lake kilichoweza kupita ni kilicho kidogo, au kilicho mbali.

Alitazama ukanda ule muda mrefu. Kisha akainua macho kunielekea, na nilijua amepata pua.

"Toka nje," aliniambia.

Nilidhani ananifukuza kwa maneno yangu ya jana.

"Nakuomba, Mama. Nenda kasimame kwenye uzio."

Nilikwenda na aproni yangu ya kazi. Yeye alipapasa ukuta mpaka mlangoni, akasimama, akanitafuta, akanipata. Akaniambia nirudi nyuma. Nikafungua geti. Akasema tena. Nikavuka barabara, nikageuka, nikasimama kwenye majani ya ukingo wa shamba, mikono sijui niiweke wapi, kama mtoto anayepigwa picha ya kwanza ya shule.

"Hapo," aliita. "Usisogee."

Aliegemea fremu ya mlango. Kichwa chake kilitulia.

"Nakuona," alisema. "Kilemba. Mikono. Viatu. Umekonda, mke wangu. Umekonda lini?"

Nilitaka kumkimbilia nimwambie ni muda sasa, nimekonda mbele ya macho yako. Nilipiga hatua moja kuelekea barabarani, nikamwona anaanza kuinamisha kichwa kuitafuta miguu yangu. Nikairudisha ile hatua. Nilijua nikimfikia pale mlangoni atabaki na pua tu, kwa hiyo nilibaki ng'ambo ya barabara, nikampungia mkono, na safari hii akanipungia.