Ubao Uliojengewa Nyumba

Mlango wa nyumba yangu ulifungiwa ndani ya nyumba nyingine, kwa kufuli, nami nikaambiwa nivumilie. Nilivumilia miezi minne. Sasa nasema.

Naanza na daraja, maana bila daraja hasira yangu haieleweki. Daraja letu, njia ya kutoka Lusangi kwenda Kabambare, lilikuwa limebaki vyuma viwili tu. Mbao zake nyingine zilioza, nyingine zikaishia jikoni kwa watu ninaowajua. Waendesha pikipiki walikuwa wakisukuma pikipiki juu ya chuma kimoja huku wao wakitembea juu ya kingine. Mume wangu Asani alikuwa mmoja wao. Mwaka jana aliteleza, hatua tano tu kutoka upande wetu, akaanguka pamoja na pikipiki yake. Maji yalikuwa machache siku hiyo. Mawe yalikuwa mengi.

Baada ya mazishi tulikubaliana kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, kwamba kila nyumba itoe ubao mmoja. Mimi sikuwa na ubao, nikang'oa mlango. Ulikuwa wa mvule, mzito, na ukingoni Asani alikuwa akichonga alama kwa kisu kila Idi, kuonyesha binti yetu Asma amefikia urefu gani. Alama kumi na moja. Nilitundika turubai mahali pa mlango nikasema basi, nitalala hivyo, lakini pale alipoanguka patakuwa na kitu cha kukanyaga.

Ndipo akaja Jean-Marie, mtoto wa hapa aliyekaa Kinshasa mpaka kura zikakaribia. Tulikuwa tukimwita Honorabule, jina la wabunge, hata kabla ya kumchagua, maana sisi kwa kupiga magoti hatuna mpinzani. Alitukuta kwenye rundo la mbao zetu, akatoa simu. Ndani ya simu kulikuwa na watu wa mji fulani wa pwani, mbali sana, wamesimama kwa makumi juu ya ubao mmoja mkubwa, ule wa kuteleza juu ya mawimbi, wakivunja rekodi ya dunia.

« Sisi tutasimamisha watu mia, » alisema. « Dunia ikituona, barabara itakuja yenyewe. Mbao zenu mutazipata siku ya pili. »

Mawimbi yako wapi Kabambare, hakuna aliyeuliza. Akasema wanaokubali wainue mikono. Nami niliinua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, nalisema mwenyewe ili asije mtu akanikumbusha.

Walipigilia mbao zote pamoja juu ya mapipa matupu, wakachonga ncha mbele, wakapaka rangi ya samawati na kuandika jina lake ubavuni. Siku yenyewe tulisimama watu mia na wanne, tukavuka mto kwa nyimbo, chini ya daraja lile lile, Jean-Marie akipiga picha. Juu ya vichwa vyetu vyuma viwili vilikuwa vitupu. Niliimba kama wengine.

Siku ya pili mbao hazikurudi. Eti wapimaji wa rekodi wako Ulaya, wanaweza kuja kuhakikisha, msumari hata mmoja usiguswe. Mvua zikaanza, na Jean-Marie akaogopa ubao usije ukaoza. Akaujengea nyumba. Nyumba ya tofali, bati mpya, mlango wenye kufuli, na jirani yetu Byamungu akawekwa kuulinda. Mimi niliyetoa mlango nikaendelea kulala nyuma ya turubai, mvua ikinipigia miguuni.

Nilikwenda kumwuliza Jean-Marie.

« Mama Asma, uvumilie kidogo, » alinijibu. « Ile haiko tena mbao tu. Iko urithi ya jimbo yetu ya Maniema. »

Alhamisi iliyopita Asma alikuwa akirudi kutoka soko la Kabambare, kapu la samaki wakavu kichwani. Mguu wake uliteleza mahali pale pale pa baba yake. Kapu lilikwenda na maji. Yeye alibaki akining'inia kwenye chuma kwa mikono miwili mpaka wapita njia wakamvuta. Alifika nyumbani paja limechunika, akaniomba msamaha kwa sababu ya samaki. Aliniomba mimi msamaha, mimi niliyeinua mkono.

Kesho yake asubuhi nilichukua baramini, chuma kirefu alichoniachia kaka yangu anayechimba dhahabu Salamabila, na waya kidogo. Byamungu alikuwa ameketi penye kufuli yake.

« Unaenda wapi na ile chuma, Mama Asma? »

« Ku mulango yangu. »

« Funguo iko kwa Honorabule. »

« Sikukuomba funguo. »

Kufuli ilikatika kwa pigo la pili. Byamungu hakunizuia. Aliingia nyuma yangu, akanitazama nikipapasa rangi kwa vidole mpaka nikazipata alama zote kumi na moja. Misumari ilipoanza kutoka, alishika upande wa pili bila kuombwa.

« Ya kwangu iko pale mbele, » alisema polepole. « Ilikuwa kitanda ya mama. »

Nilimwekea baramini miguuni, nikatoka na mlango wangu kichwani.

Jean-Marie alinifikia njiani, anahema.

« Umetuvunjia rekodi, Mama. Dunia itatucheka. »

« Rekodi ninayo mimi, » nilimwambia. « Baba na mutoto wake, kuanguka fasi moja, pale pale. Utume ile Ulaya. »

Nikampita, nikaendelea kushuka mtoni.

Darajani niliulaza mlango juu ya vyuma viwili, nikausukuma huku nikitambaa nyuma yake, hatua tano, nikaufunga kwa waya pande zote mbili. Kisha nikasimama juu yake. Haukutikisika. Nililia hapo kidogo, na si kwa huzuni.

Niliporudi ukingoni nilimkuta Mugisho, mwendesha pikipiki aliyekuwa rafiki wa Asani. Alikuwa amezima pikipiki, anautazama ubao mmoja wa samawati kwenye daraja tupu.

« Moja tu, Mama Asma? Na zingine? »

« Zingine ziko mu nyumba yao, » nilisema. « Kufuli haiko tena. Baramini iko kwa Byamungu. »

Mugisho aligeuza pikipiki, akarudi kijijini.