Mkoromo wa Baba Boke

Rhobi alikuwa anachuja uji wa ulezi kwa mara ya pili, maana chenga moja tu ikipita mrija unaziba, pale mkoromo wa mume wake uliporudi kutoka Mwanza. Uliletwa na bodaboda. Dereva alisimama langoni, akageuka kukitazama kiti cha nyuma kilichokuwa kinatetemeka bila mtu, akasema, "Shikamoo, mama. Mzigo wako huu umenilegeza nati zote tangu Tarime mjini."

"Marahaba, mwanangu. Ushushe tu," Rhobi akajibu, akaendelea kuchuja.

Mkoromo ukashuka, vumbi likirukaruka mahali ulipopita, ukaingia zizini ukajilaza kati ya ndama. Nashoni, mume wake Rhobi, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta, meno yamefungwa nyaya. Aliutambua mara moja, na alifurahi, tusimfichie. Mtu hawezi kulala na kitu maisha yake yote halafu asikikumbuke, hata kama kilitaka kumuua.

Na kweli kilitaka kumuua. Daktari Bernadetha wa Mwanza alieleza wazi: taya la Nashoni lilikuwa limerudi nyuma mno, akilala koo linaziba, pumzi inakatika, kisha inarudi kwa kishindo. Siku moja isingerudi. Basi akalikata taya la juu na la chini, akayavuta mbele, akayakaza kwa vibati na skrubu, akafunga meno kwa nyaya ili mifupa iungane. Mkoromo ulibaki wodini kupata nafuu yake.

Ila Nashoni hakupelekwa Mwanza kwa ajili ya pumzi. Alipelekwa kwa ajili ya nyufa.

Tangu dhahabu ipatikane kwenye shamba la mihogo la Mokami, kilimani nyuma ya kitongoji, Mokami alikuwa analipua baruti kila siku saa tisa mchana, na tangu aanze kulipua, nyumba za watu zilikuwa zinapasuka. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kwenye iritongo, ule mkutano wa jadi wa kuamua mambo, Mokami alisimama kwa adabu akauliza: jamani, nani hapa hajawahi kurushwa kitandani na mkoromo wa Nashoni? Watu wakakumbuka. Ni kweli, mkoromo ule ulifungua milango ya majirani na kumwaga maziwa kwenye vibuyu. Tena nusu ya waliokuwepo walikuwa na watoto wanaochimba kwa Mokami, na nusu nyingine walikuwa wanaomba watoto wao wachukuliwe. Ikaamuliwa Nashoni atibiwe. Mokami akatoa madume mawili ya ng'ombe kwa ajili ya safari, akapigiwa makofi.

Nashoni alirudi na uso umevimba kama boga, kidevu kimetangulia mbele hata kikaingia mlangoni kabla yake. Mdomo wa chini ulikuwa na ganzi. Uji ukimtiririka hakujua mpaka Rhobi ampanguse. Kutwa ni uji, maziwa, supu iliyochujwa, kisha uji tena. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini mgonjwa huyu alikuwa na maoni yake na hakuwa na pa kuyatolea. Watoto wakila ugali na nyama, aligeuza kigoda akatazama ukuta. Suruali zikaanza kumvuka. Na wageni wa kuja kumpa pole, loo, walizidi, maana waligundua kuwa kunyamaza ni kukubali. Shemeji yake aliomba plau, akangoja jibu kidogo, akashukuru, akaondoka nayo.

Lakini alilala! Alilala usingizi mtamu, akaamka bila kichwa kuuma, kitu ambacho hakukijua tangu ujana. Aliyekosa usingizi ni Rhobi. Zamani akisikia mkoromo alijua mume yuko hai. Sasa ilibidi amwekee kiganja puani kila alipoamka. Shingoni alikuwa amevaa koleo dogo kwenye kamba, kwa amri ya daktari: mgonjwa akikabwa na kitu, akate nyaya hapo hapo, asingoje kuuliza.

Nyumba nazo ziliendelea kupasuka. Ukuta wa jirani yao Verdiana ulifunguka hata kuku wakaacha kutumia mlango. Watu wakaanza kutazama kilimani, kwanza kwa kuibia, baadaye waziwazi. Hapo ndipo mkoromo ulipofika na bodaboda, na mtu wa kwanza kuja kuusalimia, tena kwa furaha kubwa, alikuwa Mokami.

Iritongo ikaitishwa kesho yake. Mokami akasema mharibifu amerudi kwa mwenyewe, na dawa ni moja: Nashoni na boma lake lote wahame. Kaburi la baba yake Nashoni lilikuwa uani kwake. Nashoni alitetemeka kwa hasira mpaka nyaya zikalia mdomoni. Rhobi alikuwa amekaa nyuma yake. Kwa kawaida asingeketi na wazee, lakini waliruhusu kwa sababu ya koleo.

Mkoromo wenyewe uliletwa kikaoni, ukalala miguuni pa mwenyekiti, Mzee Heche, umeshiba, kimya. Ilipofika saa tisa, vijana wa Mokami wakalipua kama kawaida. Ardhi ikaruka. Vigoda vikapinduka. Ukuta wa Verdiana, watu wote wakiutazama, ukalala chini. Mkoromo ukazinduka kwa hofu, ukakimbilia ndani ya koti la Nashoni, vifungo vikaanza kugongana.

Watu walitazamana.

"Mmeuona ulivyoshtuka?" Mokami akasema. "Asiye na hatia angeshtuka nini?"

Wazee wakanong'onezana kuwa hapo kuna hoja. Nashoni akamgeukia mke wake, akaligusa koleo.

"Daktari alisema ukikabwa tu, Baba Boke," Rhobi akamwambia. "Mifupa bado haijashika."

Nashoni hakuondoa mkono. Macho yalikuwa yamejaa machozi, mishipa ya shingo imesimama. Rhobi akawaangalia wazee, akamwangalia Mokami, akamrudia mumewe.

"Amekabwa," akatangaza, akakata nyaya zote.

Taya likashuka. Nashoni alikuwa amepanga maneno mengi, na la plau likiwemo, lakini maumivu yalimwachia moja tu.

"Baruti," akasema, na kila mtu alisikia.

"Baruti, ndiyo," Mzee Heche akaitikia kwa upole. "Hilo tunalijua, mwanangu, tangu siku ya kwanza. Sisi tumekuja kuamua habari ya mkoromo."

Wakaamua. Kwa kuwa Nashoni ni mgonjwa, na tena amesema kweli, asihame. Mkoromo ndio uvuke Mto Mara, ukakae upande wa Serengeti. Rhobi aliusindikiza mpaka kivukoni, akaupakia kwenye mtumbwi pamoja na kibuyu cha maziwa, akarudi nyumbani analia, wala hakujificha. Nashoni alirudishwa Mwanza kufungwa nyaya upya, akaanza uji mwanzo.

Saa tisa ya siku iliyofuata, nyumba ya Mzee Heche mwenyewe ikapasuka kutoka msingi hadi paa. Alitoka nje, akaukagua ufa kwa fimbo, akatazama kule mtoni. Akasema mkoromo umepata nguvu huko ng'ambo, pengine ni nyama pori.

Siku hizi nyumba ya mtu ikipasuka, watu hushuka mtoni kuukemea. Husimama ukingoni, wakubwa kwa wadogo, wakapaza sauti kwa pamoja kuuambia uache. Rhobi huenda kusikiliza kama bado uko hai. Nashoni naye huenda, mdomo umefungwa, na hakuna anayemlaumu asipokemea. Ni mbali kutoka kitongojini, lakini Mokami hutoa lori.