Kilima cha Galen

Verlyn Haverkamp alimwonea mdogo wake kijicho kisichomwacha hata akiwa mezani anakula. Baba yao alipogawa shamba, Verlyn alipewa bonde, udongo mweusi wa kutamanisha. Galen aliachiwa kilima kinachomomonyoka kila mvua ikinyesha, na watu wakamsikitikia. Huruma ikaisha pale serikali ilipoanza kumlipa kila mwaka ili asikilime, akiache kiwe nyasi na mazalio ya ndege. Sasa Verlyn alihangaika na bei ya mahindi iliyoporomoka, na Galen alikuwa mtoni anavua samaki.

Mkahawani walimchokoza bila huruma.

"Verlyn, mdogo wako analipwa kwa kulala. Wewe unalipwa kwa nini?"

"Kwa kuamka mapema," alijibu, na kahawa ikamshinda.

Malipo hayo hayakuwa siri. Yeyote mwenye kompyuta aliweza kuyaona mtandaoni, na Verlyn aliyatazama mara nyingi kuliko utabiri wa mvua. Lakini kwa hilo huwezi kumlaumu mtu usoni. Kwa hiyo alilalamikia magugu ya miiba, ambayo mbegu zake zilipeperuka kutoka kilimani hadi kwenye soya yake. Kila Jumapili, mama yao akikata pai, Verlyn alianza: "Shamba lako chafu, Galen. Linatutia aibu." Galen alitabasamu tu na kuomba kipande kingine.

Jumatatu moja ya Juni alimwona Galen juu ya trekta, anafyeka kandokando ya mpaka. Juni, ndege wanaatamia mayai, na mkataba wake na serikali unakataza kufyeka bila ruhusa! Verlyn alifurahi, tena furaha mbaya. Hela anakula, masharti hafuati. Aliacha kazi, akaendesha hadi ofisi ya kilimo ya kaunti, akavua kofia na kumweleza binti wa mapokezi kila kitu. Aliomba tu jina lake lisitajwe.

Baada ya wiki mbili Galen aliingia uani kwa Verlyn, barua mkononi, uso umempauka.

"Wanavunja mkataba. Wanataka nirudishe malipo yote ya miaka minane. Itabidi niuze kilima."

"Kwani ulifyeka kwa nini?"

"Si wewe, kaka? Kila Jumapili magugu, magugu. Nikasema niyaondoe ya mpakani kabla hayajatoa mbegu, nawe upumue. Ningesubiri ruhusa, mbegu zingekuwa zimesharuka."

Verlyn aligeuka kutazama soya yake. Tangu Jumatatu ile hakuna mbegu iliyopeperukia humo, na yeye hakuwa ametambua. Aibu ilimshuka hadi miguuni.

"Nimekata rufaa," Galen aliendelea. "Wanataka jirani athibitishe kwamba nilikuwa naua magugu, sikuvuna nyasi za kuuza. Twende wote. Wakikusikia wewe watakubali."

"Pale wananijua, Galen."

"Vizuri."

"Si vizuri. Nilikwenda Jumatatu ileile uliyofyeka. Ni mimi niliyekushtaki."

Galen alimkazia macho mpaka Verlyn akayainamisha yake. Kisha akaikunja barua, akaitia mfukoni, akazunguka pikapu yake na kufungua mlango wa upande wa abiria.

"Basi utawaeleza na hilo," alisema. "Panda."