Lundo la Fundi Severa

Kwa fundi Severa, ghorofa ya pili Mtaa wa Mchikichini, aliyetangulia kufika hakuwa na haki yoyote. Kilichotazamwa ni siku ya shughuli. Kitambaa kipya kililinganishwa na kingine mezani, na chenye haraka kikapanda juu. Wateja walipozidi na lundo likakaribia feni, Jovitha, mtoto wa kaka yake, mwenye diploma ya kompyuta na asiye na ajira, alilihamishia kwenye simu.

Programu haikuwa na maringo. Kila oda ilijua jambo moja, kujilinganisha na nyingine kwa tarehe. Ikiingia inaanzia chini, inapanda mpaka ikutane na yenye haraka zaidi, hapo inatulia. Mafundi walionyeshwa ya juu kabisa tu. Jovitha aliipenda kuliko mchumba wake, na mchumba alilijua hilo.

Kisha sendofu ya Angela, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ikaharakishwa hadi Jumamosi hii, kwa sababu mama yake, Scholastika, alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji. Scholastika alipiga simu, na Severa mwenyewe akabadilisha tarehe ya gauni la mama huyo. Tarehe ilibadilika, lakini oda haikusogea. Oda iliyokwisha kutulia haikuulizwa tena, maana Jovitha aliandika programu kana kwamba mjini hapa sherehe hazibadilishwi siku.

Ijumaa asubuhi Scholastika alipanda ngazi, akipumzika kila baada ya hatua chache.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimefuata gauni.”

Juu ya lundo zilikuwepo sare za kwaya. Jovitha alipekua mpaka akalikuta gauni, na tarehe yake ya kesho, chini ya nguo za mwezi ujao. Kitambaa kilikuwa hakijaguswa na mkasi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

“Ni kosa langu, mama,” alisema. “Halijakatwa.”

“Itoe hiyo oda, uiingize upya,” Severa alisema bila kupandisha sauti. Jovitha akafanya hivyo, na gauni likapanda hadi juu mara moja. “Leo cherehani zote ni za mama Angela. Simama nikupime.”

“Vipimo si mnavyo?”

Severa alizungusha futi kiunoni. Jovitha, aliyekuwa na vipimo vya zamani mkononi, aliona futi inakutana mapema mno.

“Shoneni vile vile vya zamani,” Scholastika alisema. “Nikitoka hospitali nitanenepa.”

Severa alikata kwa vipimo vya zamani, akashona kwa vipya. Kitambaa kilichobaki alikikunja ndani ya mishono, kama anavyomshonea mtoto anayekua.

Alasiri Scholastika alilivaa mbele ya kioo. Lilimkaa vizuri. Akapapasa kiuno, vidole vikagusa unene wa mshono.

“Mmeniachia kitambaa.”

“Cha kufumulia,” Severa alisema. “Ukinenepa, njoo.”

Jovitha akafungua oda mpya: kufumua gauni, mama Angela. Programu ikakataa. Oda isiyo na tarehe haina cha kujilinganisha nacho.

“Inataka siku, mama.”

Scholastika alijitazama kiooni.

“Weka kabla ya Krismasi. Siendi nyumbani Kibosho na gauni linalobana.”

Jovitha akaandika. Oda ikaingia chini ya lundo, ikatulia hapo.