Vitabu vya Kufuma vya Domitila

Siku waliyoibiwa, Geofrey na mkewe Domitila walikuwa Kongwa, wamekwenda kupokea barua ya posa ya binti wa kaka yake Domitila. Walirudi Hombolo jua limeshaanza kulegea, wamebeba pilau waliyofungiwa na wenyeji, wakakuta kitasa cha mlango wa nyuma kimeng'olewa pamoja na kipande cha mbao. Geofrey aliingia wa kwanza. Televisheni haipo, mtungi wa gesi haupo, betri ya sola imekatwa nyaya ikachukuliwa. Alikuwa bado amesimama sebuleni akiangaza macho huku na huku aliposikia mkewe chumbani akisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea mwenyewe:

"Wamechukua sanduku."

Sanduku lenyewe lilikuwa la bati, la rangi ya buluu, na lilikaa mvunguni mwa kitanda chao tangu wahamie nyumba ile. Lilikuwa na kufuli kubwa, na bila shaka hilo kufuli ndilo lililowadanganya wezi. Ndani hamkuwa na vitenge wala dhahabu. Mlikuwa na vitabu vya kufuma.

Domitila alifundishwa kufuma na watawa alipokuwa msichana, na tangu hapo sindano ya kroshia haikumtoka mkononi. Alipoajiriwa mjini Dodoma kama mhudumu wa ofisi, kazi yake ilikuwa kupika chai na kupeleka majalada huku na huko, na wakubwa wa ofisi ile walikuwa watu wa safari. Kila aliyekwenda nje akimuuliza amletee nini, wenzake wakitaja manukato na viatu, yeye alisema aletewe kitabu cha kufuma. Mwanzoni walidhani anatania. Baadaye wakazoea, na vitabu vikaanza kuja kimoja kimoja, cha Kichina, cha Kijerumani, cha Kireno. Hakujua kusoma hata lugha moja kati ya hizo. Lakini michoro ya kufuma haibadiliki sana ukivuka mipaka: kiduara ni mnyororo, kijiti ni kifundo, na mwenye kujua hivyo anaweza kufuma ua alilobuni mwanamke wa upande wa pili wa dunia. Geofrey, mkulima wa zabibu asiyekwenda mbali na mizabibu yake, alikuwa akimtania mbele ya wageni kwamba yeye ameoa mwanamke anayesoma Kichina.

Majirani walikuja kutoa pole, na kila mmoja aliulizia televisheni. Askari aliyeandika maelezo yao kituoni alikuwa kijana mpole. Alipofika kwenye vitabu aliuliza kama vilikuwa vya shule au vya dini. Domitila akamjibu, "Andika vitabu tu, mwanangu." Frank, mtoto wao aliyeko Mwanza, alituma kwa basi televisheni nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Mama yake akamshukuru kwa simu, akaiwasha kuona kama inafanya kazi, akaizima. Frank alimwambia pia kwamba siku hizi mitindo ya kufuma imejaa kwenye simu. Ni kweli imejaa. Domitila aliitazama siku moja, akaiweka simu mezani, asiiguse tena kwa ajili hiyo.

Akaacha kufuma. Hilo ndilo lililomtia Geofrey wasiwasi. Zamani wakikaa barazani jioni, mkewe alihesabu vifundo kwa kunong'ona, na Geofrey akasinzia humo humo katika kuhesabu kwake. Sasa wote wawili walikaa macho makavu wakitazama barabara.

Basi Geofrey akaiacha mizabibu ikingoja kupogolewa, akawa anazunguka kuulizia. Aliuliza wauza vitabu vya mitumba, akauliza wanaofunga karanga kwa karatasi, akauliza wachungaji wanaonywesha ng'ombe bwawani. Mchungaji mmoja ndiye aliyemwambia ameona sanduku la buluu kwenye korongo, chini ya daraja la miguu. Geofrey akaenda. Alilikuta limelala ubavu, bawaba zimevunjwa, kufuli bado limefungwa vile vile. Wezi walikuwa wamemwaga vitabu pale pale walipogundua ni vitabu. Na mvua zilikuwa zimeshanyesha. Maji yalikuwa yamevikokota vingi kuelekea bwawani, na vilivyobaki vilikuwa vimegandamana kwa tope, laini kama mkate uliolowa. Alivua shati, akafunga ndani yake alichoweza kukusanya, akarudi nyumbani kifua wazi.

Domitila alikitambua kila kimoja kwa kipande cha jalada kilichosalia. Aliketi chini uani, akajaribu kubandua kurasa, na kurasa zikamkatikia vidoleni. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu waibiwe. Geofrey akaketi kando yake. Hakujua afanye nini na mikono yake, akaiweka juu ya mikono ya mkewe, yote minne ikawa ya tope.

"Najua kuna watu wamefiwa," Domitila alisema baadaye. "Mimi nalilia karatasi. Lakini nilikuwa nikivifungua tu, baba Frank, moyo unatulia. Hata siku ambazo sifumi."

"Najua," alisema Geofrey, ingawa ndiyo kwanza alikuwa anajua.

Siku chache baadaye alikwenda kwa jirani yao Shamila, mwanamke wa Kondoa aliyeolewa pale Hombolo, kurudisha pampu ya kupulizia dawa aliyoazima kwa mumewe. Shamila akamwamkia shikamoo, akamkaribisha kwenye kochi na kwenda kumletea maji. Geofrey alipogeuka kuweka kofia, macho yake yakatua kwenye kitambaa cheupe kilichotandikwa begani mwa kochi, kimefumwa mananasi yaliyopangana kwa duara. Alikuwa ameegemea kitambaa kile miaka na miaka bila kukiona.

"Hiki si cha mama Frank?"

"Ni chake, mzee. Alinifumia nilipoolewa. Alisema amekitoa kwenye kitabu cha Kichina."

Geofrey akaomba kukiazima. Shamila alivibandua vitambaa vyote, vya makochi na vya meza, akavikunja vizuri, na ndipo akauliza vina kazi gani. Geofrey akajieleza kwa kubabaika. Alisema kwamba vitabu vimekufa, lakini labda mama Frank akiviona hivi, labda mkono utakumbuka. Shamila akaongeza na shali aliyombebea mwanawe wa kwanza.

Kesho yake Geofrey akaenda Chimwaga kwa Ritha, aliyewahi kuwa mmoja wa wakubwa wa Domitila kule ofisini, na ambaye ndiye aliyekileta kile kitabu cha Kichina. Ritha alimsikiliza hadi mwisho, akachukua simu, akawaandikia wenzake wa zamani kwenye kundi lao la wastaafu. Kabla juma halijaisha alifika Hombolo na gari lake, kiti cha nyuma kimejaa mifuko. Mlikuwa na vitambaa vya harusi na vya ubatizo, kofia za watoto ambao sasa wako chuo kikuu, na kimoja chenye alama ya pasi. Vingine vilikuwa vimegeuka manjano kwa ukongwe.

Domitila aliitazama mifuko ikimwagwa kitandani, na uso wake ukamshuka. Alidhani watu wamemrudishia zawadi zake kwa kumwonea huruma.

"Tumekuazima tu, dada Domi," Ritha akamwambia. "Kila mtu anakitaka chake, tena kimefuliwa. Usifikiri umevipata."

Domitila akacheka. Geofrey, aliyekuwa mlangoni, akaondoka taratibu kwenda kuchemsha chai, maana hakutaka waone machozi yake.

Ritha alipoondoka, Domitila alifunga mlango wa chumbani, akapitisha vidole kwenye vitambaa kimoja baada ya kingine kama mtu anayesoma gizani. Mara Geofrey akasikia anaitwa amletee miwani. Kisha kikapu cha nyuzi. Kisha aje mwenyewe, akae, ashike kitambaa cha Shamila kwa ncha mbili na kumhesabia mizunguko. Geofrey alihesabu vibaya, akaambiwa aanze upya, akaanza upya.

Waliendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Mtindo mmoja baada ya mwingine ulirudi mkononi, na vitambaa vikarudi kwa wenyewe, vimefuliwa na kupigwa pasi. Lakini siku moja Domitila aliweka sindano chini.

"Nilivyovifuma vyote vipo majumbani mwa watu," alisema. "Kuna ambavyo sikuwahi kuvifuma. Kulikuwa na shali moja kwenye kitabu cha Kirusi. Pana, ya majani yanayolaliana. Nilikuwa nikijiwekea mpaka nipate nafasi."

Geofrey hakuwa na nyumba ya kwenda kuazima shali ambayo haijafumwa. Akafikiri, akauliza tu ilikuwaje. Domitila akaanza kumweleza kwa mikono: jani linaanzia hapa, linapanuka, jingine linapandia juu yake. Alieleza hadi mikono ikachoka na hewa, akachukua uzi.

Alifumua mara nyingi. Majani yaligoma kulaliana. Yalikaa ubavu kwa ubavu, mapana kuliko alivyoyakumbuka, na pembezoni yakajikunja kidogo. Alikiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza.

"Siyo yenyewe," alisema.

"Mbaya?"

"Hapana. Ni nyingine."

Akasogea, akakitandaza kipande kile mabegani mwa mumewe ili aone kitashuka hadi wapi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu.

"Kaa wima," akamwambia. "Unanipotezea kipimo."