Anayemshika Mikono

Dorika aliiandika hotuba ya mkutano wa walimu kwa siku tisa, mkono mmoja kwenye kalamu, mwingine ukikoroga uji wa mwanawe Ema. Aliitoa kwenye kitabu cha Kiingereza cha mambo ya nyota alichoachiwa na muuguzi wa hospitali ya Bulongwa. Siku ya kumi mumewe, Mwalimu Methusela, aliinakili kwa mwandiko wake ili aisome yeye, akapiga miayo, akasema imetoka vizuri.

Kabla ya kuolewa Dorika naye alikuwa mwalimu, tena si wa kubabaisha. Lakini desturi ya misheni ilikuwa hiyo: mwalimu wa kike akifunga ndoa, anarudisha chaki. Mwaka wa sita huo tangu arudishe yake, na kila asubuhi kengele ya shule ilipolia pale Njombe ilimkata maini. Kisha, mwaka huo wa 1957, ikasikika kwamba litafunguliwa darasa la wasichana wakubwa, na kwamba Mchungaji Nikodemo, msimamizi wa shule, angempokea kulifundisha hata mwanamke aliyeolewa, mradi aonyeshe kuwa elimu yake haijalala.

"Nitamwambia mbele ya watu wote kuwa hotuba ni yako," Methusela aliahidi. Dorika akamwamini. Angeacha vipi kumwamini mtu aliyezaa naye?

Mkutano wa walimu ulifanyika kanisani Makambako, wanaume upande huu, wanawake upande ule, vumbi la malori likiingia madirishani. Methusela akasoma kwa sauti yake nzuri, sauti hakunyimwa. Akasema nyota kubwa, zile nzito zenye moto mkali, nyingi haziko peke yake. Jicho linaona moja, kumbe ni mbili zinazungukana, na kadiri wataalamu wanavyozichunguza ndivyo wanavyozidi kuzikuta mbili mbili. Jua letu dogo kukaa peke yake si ajabu. Kwa zile kubwa, upweke ndio ajabu.

Mchungaji Nikodemo akafurahi, akauliza kazi hiyo ameifanya na nani.

"Peke yangu, Mchungaji," alijibu Methusela.

Hasira ilimpanda Dorika.

Hapo akasimama mzee Nahumu, mwalimu wa Mlangali, mtu asiyekubali jambo limpite hivi hivi. "Kamwene, Mwalimu," alisalimia. "Kama jicho linaona moja, hiyo ya pili wameijuaje?"

Methusela akageuza karatasi, akageuza tena. Ukurasa wenye jibu hakuunakili, aliuona mrefu. Akatupa jicho upande wa wanawake. Dorika angeweza kunyamaza, aibu ikammeza mumewe mzima mzima. Lakini swali zuri lilikuwa limeachwa bila jibu, na hilo hakuweza kulivumilia. Akasimama.

"Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kioo maalumu unagawanyika rangi, na ndani ya rangi mna mistari myeusi myembamba. Mistari ikisogea huku, kisha ikarudi kule, siku baada ya siku, basi nyota inatujia na kurudi nyuma. Kuna kinachoivuta. Mmewaona watoto wakishikana mikono na kuzunguka? Ukimwona mmoja tu, ameegemea nyuma na haanguki, ujue yuko anayemshika mikono."

Kanisa zima likapiga makofi. Mzee Nahumu akasema ametosheka. Mchungaji Nikodemo akainuka, uso umemjaa tabasamu, na Dorika akabaki amesimama, akingoja kusikia jina lake.

"Hongera sana, Mwalimu Methusela!" alisema Mchungaji. "Mtu aliyeweza kumfundisha mkewe mambo mazito namna hii, tena jikoni, wasichana watamshindaje? Darasa ni lako."

Makofi yakarudi. Methusela akainamisha kichwa, akayapokea yote.

Kurudi Njombe walipanda lori, wakakaa juu ya magunia ya mahindi, Ema amelala mapajani mwa mama yake. Njiani Methusela akamsogelea mkewe.

"Mama Ema, usininunie. Kilichokuja kwangu kimekuja nyumbani. Haya, niambie, somo la kwanza la wasichana liwe lipi?"

Dorika alilijua. Alikuwa nalo tangu mwezi wa pili, limeandikwa kwenye daftari lililokuwa ndani ya kikapu chake, chini ya nguo za mtoto. Akakivuta kikapu karibu na miguu yake.

"Liwe lolote, Baba Ema," alisema. "Uko peke yako."