Kikao cha Ghorofa ya Nne

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, fundi lifti alisimama mlangoni mwa jengo la ghorofa tatu, mikono kaitia mfukoni, akamuuliza mlinzi kikao cha wanaoacha pombe kiko wapi.

"Ghorofa ya nne," alisema mlinzi, huku akiendelea kumenya chungwa lake.

"Jengo hili lina tatu. Lifti yake naihudumia mimi."

"Jumanne lina nne. Kuanzia saa nne mpaka saa sita. Panda ngazi."

Hapo ndipo fundi alipokosea, na kosa lenyewe angelifanya fundi lifti tu. Miaka kumi na minane hakuwahi kupanda ngazi za jengo ambalo lifti yake ni nzima. Fundi akionekana kwenye ngazi, si wapangaji wataanza kuulizana? Kwa hiyo alifungua ubao wa vitufe, akaongeza cha nne, akakivutia waya, akabonyeza. Lifti ilipanda hadi ya tatu, ikatulia, ikafungua mlango. Akabonyeza tena. Akashuka, akapanda, akashuka. Karani wa ghorofa ya tatu alimsalimia mara sita, ya saba akachoka. Saa sita ilipofika, watu tisa waliteremka kwa ngazi wakijipangusa makombo ya biskuti, na yeye bado yumo ndani ya lifti, bisbisi mkononi, jasho linamchuruzika.

Jumanne ya pili ikaenda vilevile. Jamani, kuna watu wana vichwa vigumu!

Tena hakuwa na Jumanne za kuchezea. Mkewe alishamwambia mlangoni, mtoto yuko mgongoni: "Baba watoto, viapo nimeshiba. Niletee karatasi yenye saini ya mwenyekiti wa kikao. Nakupa Jumanne tatu. Ukikosa, mimi na mwanao tunahamia kwa kaka yangu, na usitufuate." Tangu siku hiyo fundi alikuwa akilala karakana, kama kulala ndiyo kule kuzunguka meza mpaka kunakucha.

Jumanne ya tatu alipanda ngazi. Baada ya ghorofa ya tatu zilikuwepo ngazi nyingine kumi na sita, zimepigwa deki vizuri. Chumbani mlikuwa na viti vya plastiki, birika na dirisha. Ukichungulia dirishani uliyaona chini matangi ya maji ya paani, ambayo kwa haki yalipaswa kuwa hapohapo walipokaa wao.

"Kaa, baba, achana na matangi," alisema muuza viatu mmoja. "Hayavuji."

Mwenyekiti akaingia kwa magongo mawili. Fundi alimtambua mara moja. Alikuwa mama aliyekuwa akisafisha jengo hili. Miaka miwili nyuma, kamba ya chuma ya lifti ya jengo hilo ilikatika, lifti ikadondoka kutoka ghorofa ya pili, na mama huyo yumo ndani na ndoo yake ya maji. Mwenye jengo aliandika kwamba ndoo ilizidisha uzito. Mguu wa mama haukurudi kuwa mguu. Maumivu yakamfundisha chupa, na chupa ikamleta kwenye kikao hiki kabla ya wengine wote.

Asubuhi ya ajali, fundi alikuwa amesaini kadi ya ukaguzi iliyobandikwa ndani ya lifti ile, akaandika "salama". Kamba hakuitazama. Kichwa kilikuwa bado kinaelea kwa mtungi wa jana yake.

Alikaa. Akainuka. Akaenda dirishani, akarudi. Angeweza kunyamaza tu, achukue saini yake, arudi kwa mwanawe. Nani angejua? Na akisema, mama huyu atampa saini kwa lipi? Zamu yake ilipofika alisimama.

"Mimi ni mlevi," alisema. "Na haikuwa ndoo. Ni mimi. Nilisaini kamba ambayo sikuitazama."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini.

"Najua, fundi. Nililala chini ya ile kadi masaa mawili, wenzangu wanahangaika kufungua mlango. Saini yako naijua kuliko yangu."

"Nisamehe, mama."

"Hilo usiniulize leo." Akaivuta karatasi, akaandika kwamba amehudhuria, akasaini. "Umekuja, nimeandika umekuja. Zaidi ya hapo sijaandika kitu."

Jioni mkewe aliisoma karatasi mara mbili.

"Ghorofa ya nne? Jengo lile?"

"Jumanne tu."

"Haya. Vua viatu, mtoto amelala."

Kesho yake alimwendea mwenye jengo. Alimtaka aifute ile ndoo kwenye faili la ajali, aandike jina lake yeye fundi, na anunue kamba mpya, maana iliyopo iliungwa tu.

"Faili limefungwa, fundi," alisema mwenye jengo kwa upole. "Ndoo imeshakubali kosa."

Akamsogezea kadi mpya ya ukaguzi. Fundi alikataa kusaini, akaambiwa aache funguo mezani. Kabla ya adhuhuri fundi mwingine alikuwa ameshasaini.

Jumanne iliyofuata walikaa ghorofa ya nne watu kumi na moja. Muuza viatu alikuwa anasimulia alivyopita mbele ya baa bila kuingia, ndipo lifti ikasikika ikipanda chini yao, imejaa wapangaji wanaocheka. Akanyamaza katikati ya neno. Wote wakanyamaza, vikombe mkononi, hadi iliporudi chini na mlango wake ukasikika ukifunguka.

"Endelea," alisema mwenyekiti, na muuza viatu akaendelea mpaka lifti ilipoitwa tena.